Tunaomba Kulifungua Gari Ambalo Bado Halijaharibika

Umepanda tena! Mgeni rasmi, mtikisiko umepanda tena, sasa hivi, wakati unashuka kwenye gari lako pale getini na sisi tunatakiwa tuwe tumenyooka kwenye mstari kama meno ya kitana! Tusamehe. Ile kelele uliyoisikia haikuwa utovu wa nidhamu, na yule aliyeruka akakanyaga ndoo ya grisi ndiye mimi ninayekusomea. Tulikuwa tumekodoa macho kwenye kompyuta, mtikisiko ukapanda, mmoja akapiga ukelele, wengine wakaitikia, na wewe ukaingia katikati ya kiitikio.

Haya. Nianze vizuri kama watu waliolelewa.

Mgeni rasmi, maafande wote mlioongozana naye, mkuu wetu wa kambi, na ninyi jirani zetu wa ofisi ya misafara mliokuja kuona kama leo tutaaibika: shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

KARIBU, NA TUSAMEHE

Sisi mafundi wa karakana ya magari, wenye kombati na tusio na kombati, tunakukaribisha kwa mikono miwili, ingawa mikono yenyewe tumekatazwa kukupa kwa sababu ya oili. Tumefagia hadi chini ya benchi ambako hakujawahi kufagiwa. Spana zimepangwa kwa ukubwa, jambo ambalo halitadumu hata wiki. Lile turubai la kijani pale kwenye kona limefunika betri chakavu, tunaomba usilifunue, utatuvunja moyo.

Risala uliyopaswa kusomewa leo ilikuwa nyingine. Tuliiandika pamoja, ilikuwa na maneno mazito, "kwa heshima na taadhima" ilikuwa imo mara nyingi kuliko nukta. Asubuhi hii Fundi Mkuu akavaa miwani, akaisoma yote, akanirudishia.

"Mwanangu," akasema, "humu mna kila kitu isipokuwa kile kinachotuuma."

Nikamwambia, "Baba, risala ndivyo zilivyo."

"Basi iharibu."

Nimeiharibu, mgeni rasmi. Vichwa vya habari nimeviacha ili usipotee. Mimi ndiye mdogo kuliko wote hapa, na nimechaguliwa kusoma kwa kuwa nina sauti ya kufika hadi kwenye maegesho, na pia kwa kuwa ndiye niliyetoka chuoni nimebeba wale kupe. Usishtuke, kupe wanakuja sasa hivi.

TULIKOTOKA

Zamani, na zamani yenyewe siyo mbali, karakana hii ilijua njia mbili tu za kulitibu gari. Ya kwanza, gari life barabarani, livutwe hadi hapa, tulifungue tukisikitika. Ya pili, tarehe ifike. Tarehe ikifika gari linafunguliwa hata kama ni zima kama kigongo, na isipofika halifunguliwi hata likilia kama mtoto mwenye jino. Mama Stoo, ambaye ndiye mtunza vipuri wetu, huwa anasema ni sawa na familia inayokunywa dawa ya malaria kila tarehe mosi, iumwe isiumwe, halafu homa ikija tarehe kumi na tano inaambiwa isubiri.

Magari yetu si ya kubembelezwa. Yanabeba vyuma, maji, watu na majeruhi, yanapita mahali ambapo hata mbuzi hufikiria mara mbili. Yanaporudi yanakuwa na vumbi hadi ndani ya dashibodi. Ukiuliza dereva, "Likoje?" anajibu, "Linakwenda." Hilo ndilo lilikuwa jibu la kitaalamu.

Ndipo wakaletwa kupe.

Kwa jina la darasani ni vipima mtikisiko na joto. Ni kijidude kidogo, ukubwa wa kiberiti, kina sumaku tumboni. Unakibandika kwenye giaboksi au kwenye injini, kinang'ang'ania, kinakaa hapo kikisikiliza chuma kinavyotetemeka, kisha kinatuma habari kwa mawimbi hadi kwenye kompyuta ya chumba cha vioo. Siku ya kwanza nilipokibandika, Fundi Mkuu akainama, akakitazama, akauliza, "Kinakula nini?"

Nikasema, "Hakili kitu, baba, kinasikiliza tu."

"Kimeng'ang'ania kwenye ngozi ya mwenzake na hakili kitu? Huyu ni kupe mvivu."

Jina likabaki. Sasa hata mimi niliyefundishwa majina marefu nikiulizwa nasema kupe.

Jamani, mgeni rasmi, natamani ungeona siku zile! Hakuna aliyekuwa anakwenda nyumbani kwa wakati. Kwa sababu kila gari, kumbe, lina sauti yake. Yale malori mawili yaliyokuja pamoja, rangi moja, umri mmoja, ukiyaangalia kwenye kompyuta ni kama mapacha wasiosalimiana: moja linatetemeka taratibu kama mtu anayewaza, jingine lina kigugumizi. Tukawa tunaulizana, hiki ni nini? Na hiki kinachokuja kila gurudumu likizunguka? Na kwa nini gari la maji likiwa tupu linatetemeka kuliko likiwa limejaa? Fundi Mkuu, ambaye alisema kupe ni wavivu, akawa anakuja na kiti chake mwenyewe.

TULIYOYAPATA

Yapo ya kujivunia, na lipo moja la kuficha, ila Fundi Mkuu amekataa lifichwe.

La kujivunia ni lori la majenereta. Lilikuwa linakwenda vizuri, dereva wake akaapa linakwenda vizuri, lakini kupe wake wa mbele akawa kila siku anatuma habari iliyo kali kidogo kuliko ya jana. Tukaomba kulikagua, tukaruhusiwa. Tulipoifungua pampu ya maji, beringi yake ilikuwa inasaga kama kinu cha pilipili. Mtu mmoja aliisukuma kwa kidole, ikatoa sauti iliyotufanya wote tukunje nyuso. Ingekwama safarini, injini ingechemka na kufa. Siku hiyo tulishangilia mpaka wale wa ofisi ya misafara wakatuma mtu kuuliza nani amezaa.

La kuficha ni kikombe.

Wiki chache baadaye kupe wa gari la maafisa akapiga kelele. Kali! Kengele, rangi nyekundu kwenye kompyuta, kila kitu. Mimi ndiye niliyesema kwa kujiamini, "Hii ni injini, hii ni ya ndani kabisa." Gari likazuiwa safari, afisa mmoja akakosa mkutano, sisi tukashusha injini nzima ikaning'inia kwenye minyororo. Na nyuma yake, pale pembeni kabisa, tukakuta kikombe cha bati cha dereva kimening'inizwa kwenye waya, kinagonga chuma kila injini ikizunguka. Ngo, ngo, ngo.

Mama Stoo alikuja, akakitazama, akaniambia, "Binti, kipuri hiki sina. Labda uagize na sahani yake."

Tulicheka, lakini wakubwa hawakucheka, na hatuwalaumu. Ikatoka amri, nayo ndiyo inayotawala hadi leo: chochote chenye lakiri ya kiwandani, ule muhuri wa kufungia, hakifunguliwi kwa neno la kupe peke yake. Kinafunguliwa kwa njia zilezile mbili, tarehe ifike au gari livutwe. Mwenye uwezo wa kutoa ruhusa nje ya hapo ni mmoja tu, na leo amekaa mbele yetu kwenye kiti chenye kitambaa cheupe.

YANAYOTUSUMBUA

Kwenye risala ile nzuri, hapa tulikuwa tumeandika habari za paa linalovuja na jeki iliyochoka. Paa linavuja kweli. Lakini leo tunataka kukueleza habari za Shangazi.

Shangazi ni gari la wagonjwa, lile lenye mabega mapana unaloliona limesimama kule nyuma ya uwanja hivi sasa. Anaitwa Shangazi kwa sababu amebeba kila mtu na hajawahi kumsuta yeyote. Dereva wake tunamwita Polepole. Usidanganyike na jina, anaendesha kwa mwendo unaotakiwa, ila hakuna jambo litakalomfanya aongeze sauti. Amekaa na Shangazi kuliko alivyokaa na mke wake, na hayo ni maneno ya mke wake mwenyewe.

Tulipobandika kupe kwenye magari yote, Shangazi alitushangaza. Alikuwa ametulia! Kwenye kompyuta mtikisiko wake ulikuwa umelala kama maji ya mtungini. Tukamwonyesha kila mgeni: tazama, gari lililotunzwa ni hili. Tukaandika hivyohivyo kwenye taarifa yetu ya mwezi, kwamba Shangazi ndiye mwenye afya kuliko yote kambini. Ofisi ya misafara wakasoma, nao kwa haki kabisa wakampanga kwenye msafara wa keshokutwa, wa kwenda kambi ya ng'ambo ya milima kuchukua wagonjwa wanaosubiri kule.

Unaijua ile barabara, mgeni rasmi. Tumesikia kwamba ulipokuwa kijana uliwahi kushika usukani wa lori na kuishuka. Huhitaji kuambiwa na binti wa chuo kwamba kwenye mteremko ule dereva anaishi kwa gia, siyo kwa breki. Breki zikishikwa muda wote zinachemka. Gia ndiyo inayolishika gari mgongoni.

Sasa. Juzijuzi hapa niliingia chini ya Shangazi kubadilisha betri ya kupe. Nikapapasa giaboksi, mkono ukagusa kitu laini. Laini! Chini ya gari! Nikapiga kelele nikidhani ni mnyama. Nikamulika tochi. Kupe wetu alikuwa amekalia godoro.

Godoro kweli, mgeni rasmi. Kipande cha sponji kilichokatwa vizuri kwa mkasi, kona zimezungushwa, kimegundishwa kwenye chuma kwa gundi, na kupe amefungwa juu yake kwa kamba ya kiatu, amelala kama mtoto wa mfalme.

Nikatoka chini nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. "Nani kamwekea kupe godoro?"

Polepole akanyanyua mkono, bila haya hata kidogo. "Mimi."

"Kwa nini?"

"Si mlisema ni kifaa cha hatari kuharibika? Mkakibandika kwenye chuma kinachotetemeka mchana kutwa. Mimi nikaona kitaumia. Nikakata kipande kwenye godoro la machela iliyochakaa." Akatutazama mmoja mmoja, akaona nyuso zetu. "Nimekosea?"

Fundi Mkuu alivua miwani akaifuta muda mrefu. Kupe kazi yake ni kutikisika! Ukimzuia asitikisike, umempa usingizi, na aliyelala hana habari ya kutuma. Kwa hiyo ule utulivu wote tuliousifu, tukauandika, ukasomwa hadi ofisini kwako, ulikuwa utulivu wa godoro.

Mwishowe Mama Stoo ndiye aliyesema, "Baba, ungeniomba mimi ningekupa na shuka." Na Polepole akacheka, tukapumua.

Lakini tuliposogeza kupe akagusana na chuma, na Shangazi akazunguka uwanja mara moja, hakuna aliyecheka tena. Kwenye kompyuta mtikisiko ulipanda wima kama ukuta.

Hapo ndipo ilipoanza hii kazi inayotufanya turuke ndoo. Kwa sababu, hebu fikiri nasi. Labda Shangazi anaumwa. Au labda Shangazi ni mnene wa sauti tangu azaliwe! Tutajuaje? Sauti yake ya zamani hatuna, tulikuwa tumeifunika kwa godoro. Ni kama daktari anayempima mtu joto kwa mara ya kwanza akamkuta anachemka, halafu ndugu zake wanasema, "Huyu siku zote yuko hivyo."

Basi tukaanza kumuuliza Shangazi mwenyewe. Tukasema, pengine ni matairi. Tukayahamishia kwenye gari la jirani, tukamvisha ya jirani. Jirani akabaki mzima, Shangazi akabaki na mtikisiko wake. Tukasema ni shafti, ile inayopeleka nguvu nyuma. Tukaibadilisha. Uleule. Kijana wetu wa umeme akasema labda ni dereva, kwani kila mtu anakanyaga mafuta kivyake. Polepole akakataa kushuka. Ikabidi Fundi Mkuu amwombe kwa heshima, na hata aliposhuka alitembea pembeni ya gari lake akiliangalia kama mtu anayemsindikiza mwanawe kwenye chumba cha sindano. Dereva mwingine akazunguka. Uleule.

Kilichobaki ni giaboksi, na giaboksi lina lakiri.

Siku ya pili yake mtikisiko ukapanda kidogo. Ya tatu ukapanda tena. Mimi nikashangilia, nakiri, nikasema, "Unaongezeka! Gari zima haliongezeki!" Fundi Mkuu akaniambia nitulie.

"Chini ya huyo kupe kuna nini?"

"Chuma."

"Na juu ya chuma?"

Gundi! Gundi ya Polepole ilikuwa bado imebaki pale, na kila siku joto lilikuwa linaikausha na kuiondoa kidogokidogo. Kupe akawa anagusa chuma vizuri zaidi kila siku. Yaani huenda gari halikuwa linaongeza ugonjwa, kupe ndiye aliyekuwa anaongeza masikio! Mgeni rasmi, nilikaa chini kwenye tairi nikamwangalia yule mzee kwa hamu ya kumkumbatia na kumpiga kwa wakati mmoja. Chuo kizima hakuna aliyewahi kunifundisha habari za gundi.

Jana tukamsugua. Tuligombania msasa. Tukasugua pale mahali mpaka chuma kikang'aa ukajiona, tukambandika kupe upya, na wote tukakubaliana kwa kauli moja, Mama Stoo akiwa shahidi: kama leo mtikisiko utatulia, ilikuwa gundi, tutaomba radhi na kunyamaza. Kama utapanda, siyo gundi.

Basi sasa unajua kwa nini ulitukuta vile. Polepole alikuwa ndiyo kwanza anamaliza mzunguko wake wa asubuhi. Wewe unashuka. Mtikisiko ukapanda.

Tusikudanganye kwamba tumekubaliana kila kitu. Fundi Mkuu anasema ni beringi ya nyuma ya giaboksi inayokufa. Mimi nasema ni jino la gia limemeguka, kwa sababu ya jinsi mtikisiko unavyokatikakatika, na tumebishana mpaka amenikataza kumwita baba kwa siku nzima. Mama Stoo anasema tutafungua tutakuta oili safi na kikombe cha pili. Kijana wa umeme alikuwa na wazo lake, alisema, "Amri inasema gari lifunguliwe likivutwa, si tumfunge winchi tumvute kutoka pale hadi hapa?" Tulilicheka wazo hilo kwa muda mrefu, na nakiri kuna wakati hatukuwa tunacheka sana. Ila hatukufanya. Ndiyo maana tunasoma risala badala ya kuvuta kamba.

Na Polepole? Tulimwambia ukweli wote jana jioni. Tulidhani atakasirika, au ataomba apangiwe gari jingine, na hakuna ambaye angemcheka. Dada muuguzi atakayekaa nyuma na wagonjwa naye alikuwepo, akawa anamtazama yeye. Aliweka mkono kwenye bodi la gari. Kisha akasema nami niandike hivyohivyo, nisiongeze chumvi:

"Mwambieni mgeni rasmi mimi siogopi. Nikiamriwa kwenda, nitakwenda. Ila kabla sijauanza ule mteremko na watu mgongoni, ningependa kujua."

TUNACHOOMBA

Kwenye risala ya kwanza maombi yalikuwa mengi. Kulikuwa na paa, kulikuwa na jeki, kulikuwa na feni ya chumba cha vioo kwa sababu kompyuta inapata joto na mimi pia. Tumeyakata yote kwa kalamu nyekundu, na kila mmoja amekubali kukatiwa lake. Mama Stoo aligoma kidogo kwenye rafu zake, kisha akaichukua kalamu akazikata mwenyewe.

Limebaki moja. Tunaomba ruhusa yako ya kukata lakiri ya giaboksi la Shangazi leo.

Hatukuahidi kwamba tutakuta ubovu. Hilo lingekuwa rahisi kusema, na ndivyo nilivyosema siku ya kikombe. Huenda tutamfungua na kumkuta mzima, tukawa tumevunja lakiri bure, na hawa kupe wakarudishwa kwenye maboksi yao, na mimi pamoja nao. Tumelijadili hilo. Fundi Mkuu aliniuliza kama niko tayari. Nilimjibu kwamba naogopa kurudi nyumbani, lakini naogopa zaidi kuishi bila kujua kilichomo mle ndani. Akasema, "Haya, wewe ni fundi." Hajawahi kuniita hivyo, kwa hiyo nimeona nalo niliingize kwenye risala, maana halijirudii.

Giaboksi la akiba lipo stoo, Mama Stoo amelifuta vumbi jana akijifanya anafuta rafu. Tukianza leo, tukikuta ugonjwa, tutalibadilisha na Shangazi atakuwa kwenye mstari wa msafara keshokutwa kama alivyopangwa. Tukikuta hakuna ugonjwa, tutafunga na bado atawahi. Wagonjwa wa ng'ambo hawatacheleweshwa na sisi.

Ukisema hapana, mgeni rasmi, tutatii, na hatutanuna mbele yako. Polepole atawasha, dada muuguzi atapanda nyuma. Sisi tutabaki kwenye chumba cha vioo tukimfuata kwenye kompyuta mpaka mlima ukate mawimbi, na baada ya hapo tutakuwa hatuna la kuangalia.

Ukisema ndiyo, tunaomba radhi mapema kwamba hatutapiga makofi kama ilivyo ada. Tutakimbia. Usione tumekudharau, viti vitabaki tupu ghafla, na mwenyekiti wa shughuli amejiandaa kukupa soda akiwa peke yake.

Na kesho asubuhi, kabla hujanywa chai, tutakuwa mlangoni kwako na ile beringi au lile jino mkononi, tukusimulie mle ndani kulikuwa na nini. Na kama hakuna kitu, tutakuja vilevile, mstari uleule, mikono mitupu, tukusimulie hilo pia.

Mungu akupe afya na safari za heri, awalinde wote wanaosubiri ng'ambo ya milima, na aliongoze neno lako sasa hivi, maana wenzangu nyuma yangu wameshavaa glavu.

Ni sisi,
Mafundi wa Karakana ya Magari, pamoja na Mama Stoo, pamoja na Polepole ambaye hajashuka kwenye gari.